Siku ya jiko baridi: viporo vya Shitala Satam, nile au nisile?

*"Shikamoo. Mimi nafanya kazi za ndani na kupika kwenye nyumba ya Wahindu hapa Upanga, huu mwaka wa pili. Mwaka jana mwezi wa nane tulipika kutwa nzima mpaka saa nne usiku, chapati za uwatu, puri, viazi, vitu vitamu, halafu bibi wa nyumba, tunamwita Ba, akasafisha jiko la gesi akalipaka rangi nyekundu na kuliwekea pamba. Kesho yake hakuna kuwasha moto hata wa chai, watu wote wakala vya jana vikiwa baridi. Wanasema ni siku ya mungu wao wa kike anaitwa Shitala. Mimi nilikula chapati, mwanangu wa miaka mitatu nikampa wali wa jana uliobaki kwenye sufuria na maziwa. Kama masaa mawili baadae akaanza kutapika, akatapika sana mpaka usiku, asubuhi akawa mzima. Jirani akaniambia hicho ni chakula cha mashetani ndo mana kimemkataa, na kwamba huyo mungu ndo anaeleta tetekuwanga. Sasa siku inakaribia tena, Ba ameshaniambia tutapika wote. Naogopa, lakini sitaki kumkosea, ni mtu mwema sana kwangu. Je nile? Mtoto ale? Na chakula kikilala usiku kucha si kinakuwa sumu?"*

Marahaba dadangu, na pole kwa usiku ule wa mwaka jana. Kukaa na mtoto anatapika gizani huku hujui kimempata nini ni kitu kinabaki kichwani muda mrefu, ndo mana mwaka mzima umepita na bado unakiwaza. Asante pia kwa kuandika kwa kirefu, manake ungeniuliza tu "viporo vya Wahindu ni salama?" nisingekuwa na la maana la kukujibu. Umetaja wali uliobaki kwenye sufuria, umetaja masaa mawili, hivyo viwili vimenisaidia kuliko yote mengine uliyoandika. Kazi yangu ni usalama wa chakula, nimekagua majiko ya hoteli, ya mama lishe na ya sherehe kwa miaka mingi, na hiyo siku ya jiko baridi nimeshakaa jikoni na akina Ba kadhaa wakipika, kwa hiyo naijua kwa macho pia.

Naona una hofu mbili zimesukwa pamoja kama ukili, moja ya tumbo na moja ya roho, na jirani yako kazifunga fundo. Tuzifungue, na ntaanza na siku yenyewe manake huwezi kujua chakula kipi ni salama kabla hujajua kwa nini kinapikwa jana na kuliwa leo.

Hiyo ni sikukuu ya watu wa Gujarat, jimbo la magharibi mwa India, huko ndiko asili ya familia nyingi za Kihindu za Dar, Zanzibar, Mombasa na Kampala. (Na hapa niseme kidogo, Mhindi ni mtu wa asili ya India awe Mwislamu, Mkristo, Singasinga au yeyote, Mhindu ni wa dini ya Kihindu, tunachanganya sana hayo maneno.) Inaangukia kwenye mwezi wao wa Shravan, kwa kalenda yetu ni Agosti au mwanzoni mwa Septemba, inahama kwa sababu wanafuata mwezi mwandamo. Siku mliyopika kutwa inaitwa Randhan Chhath, yaani siku ya sita ya kupika. Kesho yake ndo Shitala Satam, siku ya saba, ya Shitala. Na kesho yake tena ni Janmashtami, kuzaliwa kwa Krishna, kwa hiyo hata Ba wako alikuwa katikati ya wiki nzima ya ibada.

Shitala maana yake ni baridi, aliyepoa. Na hapa Kiswahili chetu kinatusaidia kuliko lugha nyingi, manake sisi tunapoza chai na tunapoza mgonjwa kwa neno lilelile. Shitala ni Mama Mpozaji. Wanamchora amepanda punda, mkono mmoja ameshika ufagio, mwingine mtungi wa maji, kichwani ana ungo wa kupepetea, na majani ya mwarobaini yuko nayo. Angalia hivyo vitu vizuri, vyote ni vya nyumbani kwako, ufagio unafagia uchafu, ungo unapepeta makapi, maji yanapoza, mwarobaini unajua mwenyewe. Ni mungu wa mama mwenye mtoto ana homa.

Na homa yenyewe ilikuwa ndui. Vijana wa leo hawaijui lakini waulize wazee wenye makovu usoni, au ambao wazazi wao walikuwa nayo. Ndui kali iliua karibu watu watatu katika kila kumi walioipata, na waliopona wengi walibaki na mashimo usoni, wengine vipofu. Mtoto anawaka moto, ngozi inatoka malengelenge mpaka viganjani na kwenye nyayo, na hakuna dawa. Kwa karne nyingi mama wa Gujarat, wa Bengal, wa Rajasthan alikuwa hana kitu cha kumpa mwanae zaidi ya maji ya baridi, kumpepea kwa tawi la mwarobaini, na kuomba. Ndipo moto ukawa ndo adui. Kama mwili wa mtoto unaungua basi nyumba nzima ipoe, jiko lipoe, chakula kiwe baridi, hata maji ya kuoga siku hiyo ni baridi.

Ukimwomba Ba akusimulie hadithi ya siku hiyo nadhani atafurahi sana, wanawake husomeana au husimuliana asubuhi ile. Inakwenda hivi kwa kifupi. Walikuwepo wake wa ndugu wawili nyumba moja. Usiku wa kupika yule mdogo akabaki jikoni, mtoto akalia, akaenda kumnyonyesha, kwa uchovu akapitiwa na usingizi na moto ukabaki unawaka jikoni. Usiku wa manane Shitala anapita nyumba kwa nyumba kugaragara kwenye majivu yaliyopoa, apumzishe mwili wake, akifika pale akaungua. Akasema kama mwili wangu ulivyoungua na tumbo lako liungue. Asubuhi mama anaamka, mtoto kwenye kitanda chake cha kubembea ameungua, amekufa. Akambeba mwanae kwenye kikapu akatoka kumtafuta mungu, akapita mabwawa mawili ambayo hakuna anaekunywa maji yake, akapita mafahali wawili wenye mawe ya kusagia shingoni wanapigana bila kukoma, mwisho akamkuta bibi kizee chini ya mti, nywele zimeshikana, anajikuna. Bibi akamwambia nitoe chawa. Yeye na maiti yake kwenye kikapu, akakaa chini, akampakata kile kichwa akamtoa chawa. Bibi akatulia akasema, kama ulivyonipoza kichwa na tumbo lako lipoe. Mtoto akalia kwenye kikapu.

Nimekusimulia kwa sababu jirani kakwambia ni mashetani, na mimi nataka ujue Ba anapoifuta ile gesi usiku saa nne, anaipaka kunkuma, ile rangi nyekundu uliyoiona, na kuiwekea uzi wa pamba, anachokisema moyoni ni kwamba wajukuu wangu wasiungue na homa. Jiko la zamani lilikuwa la udongo, unazima kuni, unayapoza majivu. Sasa hivi ni gesi ya mtungi lakini adabu ni ileile.

Sasa hilo la kwamba huyo mungu ndo analeta tetekuwanga. Jirani yako hajatunga kabisa, kuna kitu kasikia kikageuka njiani. India sehemu nyingi mtoto akitoka ndui, surua au tetekuwanga watu walikuwa wanasema "mama kaja", na mpaka leo kwa Kihindi tetekuwanga wengine wanaiita mama mdogo. Kwa imani yao ugonjwa ni ujio wake, yeye ndo joto na yeye ndo mpozaji, kwa hiyo hafukuzwi kwa matusi, anapokelewa kwa upole ili aondoke kwa upole. Ndo mana nyumba yenye mgonjwa wa hivyo hawakaangi, hawaungi kwa mafuta ya moto, wageni hawaingii ovyo, mlangoni yananing'inizwa majani ya mwarobaini. Ukiitazama kama mtu wa afya, humo kuna kizuri, mgonjwa anatengwa, anapumzishwa, anapozwa. Na kuna kibaya, pale familia inaposubiri mama aondoke mwenyewe huku mtoto anashindwa kupumua kwa nimonia. Vyote viwili vimetokea na sitakuficha kimoja.

Lakini ugonjwa hauji kwa kula chapati baridi ya Ba. Tetekuwanga inaletwa na kirusi, kinapita kwa hewa na kwa kugusa malengelenge ya mgonjwa, basi. Surua nayo ni kirusi kingine. Na watu wanadhani waumini wa Shitala walikaa tu kusubiri mungu, si kweli, kule Bengal zamani kabla ya chanjo ya Ulaya haijafika walikuwepo watu kazi yao ni kuchanja ndui, wanachukua usaha mkavu wa mgonjwa wanamkwaruza mtu asiyeumwa mkononi, augue kidogo apate kinga, na kazi hiyo waliifanya pamoja na maombi kwa Shitala. Daktari Mwingereza, Holwell, aliandika habari zao London mwaka 1767, na chanjo ya ndui ya Mwingereza mwenzake Jenner, hiyo ya Ulaya, ilikuja miaka karibu 30 baadae. Ibada na sindano vilikaa chumba kimoja.

Na mwisho wa ndui unaujua ulikuwa wapi? Ulikuwa hapa kwetu Afrika Mashariki. Mtu wa mwisho duniani kuipata kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, kijana wa mji wa Merca, pwani ya Somalia, Oktoba 1977. Alikuwa mpishi wa hospitali, mpishi kama wewe. Alipanda gari dakika chache kuwaelekeza njia waliokuwa wamebeba wagonjwa wa ndui, ikampata, manake alikuwa hajachanjwa, aliogopa maumivu ya sindano. Akapona. Tarehe 8 Mei 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza ndui imekwisha. Maalin baadae alizunguka Somalia akiwasihi wazazi wachanje watoto polio, akawa anawasimulia yaliyompata yeye, na alikuwa kwenye kazi hiyohiyo malaria ilipomuua mwaka 2013. Kila nikifika hapo kwenye historia yake nasimama kidogo.

Kwa hiyo naomba ufanye kitu kimoja kabla hata ya mambo ya viporo. Toa kadi ya kliniki ya mwanao uangalie chanjo ya surua na rubela, inatolewa miezi 9 na tena miezi 18, ile ya pili wengi wanaisahau kwa sababu mtoto ameshachangamka hamna anaekumbuka kliniki. Kama haipo peleka hata kama ana miaka mitatu, wahudumu watakuelekeza. Ya tetekuwanga haimo kwenye ratiba ya kawaida ya serikali. Mtoto akija kuipata, kata kucha, muogeshe maji ya uvuguvugu, homa mpe paracetamol kwa kipimo cha uzito wake, usimpe aspirini hata nusu kidonge, inaweza kuharibu ini na ubongo wa mtoto, na ibuprofen nayo iache. Majani ya mwarobaini mlangoni hayana neno. Mafuta ya mwarobaini kumnywesha mtoto hapana, yameshaleta degedege na kuua watoto wachanga, hata akikupa mtu unaemheshimu kataa.

Haya, tuje kwenye sufuria.

Unauliza chakula kikilala si kinakuwa sumu. Sisi wenyewe tunakula kiporo kila siku, watu wa pwani wana neno lake kabisa, mwiku, na mwiku wa mihogo au wa mkate wa kumimina asubuhi hauna anaeulalamikia. Swali la kuuliza ni kimelala vipi na kina maji kiasi gani ndani yake. Vijidudu ni kama mbegu, vinahitaji maji na joto la kadiri. Kati ya nyuzi 5 na 60 ndo shamba lao, na usiku wa Dar au wa Ahmedabad, mji wa huko Gujarat, mwezi wa nane uko katikati ya shamba hilo. Ukivinyima maji vinabaki vimelala tu.

Sasa kumbuka mlichopika na Ba. Ile chapati ya uwatu, thepla, ina unga, majani ya uwatu, manjano, chumvi, mafuta mengi, na ukimwangalia Ba vizuri utaona hakandi kwa maji matupu, anakanda kwa mtindi. Halafu akizitoa kwenye chuma hazipangi palepale, anazitandaza juu ya kitambaa zipoe moja moja, ndo anazipanga. Hapo ndipo penye utaalamu wote. Chapati ukiiweka ya moto kwenye hotpoti inatoa jasho, jasho linarudi kwenye chapati, kesho ina unyevu na keshokutwa ina ukungu. Thepla iliyopoa vizuri inakaa siku kadhaa, Wagujarati wanasafiri nayo kwenye ndege na treni mpaka leo. Puri kavu zilizokaangwa, vitamu vya unga, samli na sukari guru, vileja, chevda, vyote hivyo maji yamefukuzwa na mafuta au yameshikwa na sukari, vijidudu havipati cha kunywa. Mtindi nao uchachu wake unawazuia wengi. Akina mama hawakuwa na maabara lakini vizazi na vizazi vya kuangalia kipi kinaamka kizima asubuhi na kipi kinaamka kimeharibika vimewaletea orodha hiyo ya mapishi, na mimi naiheshimu. (Kuna ujumbe unazunguka WhatsApp kwamba sikukuu ilitungwa na wanasayansi wa kale kupumzisha tumbo na kuua bakteria, hakuna ushahidi wa hilo na Ba haitaji sayansi ili ibada yake iwe na maana.)

Na wali je? Wali kwenye ile orodha ya sikukuu Gujarat si chakula kikuu cha kulaza, na hapa ndipo nilipoona tatizo kwenye barua yako. Mchele mkavu karibu siku zote una bakteria anaeitwa Bacillus cereus, yupo kwenye udongo anapanda na nafaka. Ukichemsha yeye anakufa lakini anaacha kama mbegu ngumu ambazo maji ya kuchemka hayaziwezi. Wali ukiiva ukabaki kwenye sufuria kubwa umefunikwa, ndani unapoa taratibu sana, masaa na masaa uko vuguvugu na una maji, zile mbegu zinaamka, zinazaana, zinatoa sumu. Sumu hiyo haina harufu, haibadilishi rangi, na hata ungeupasha moto mpaka ukaungua haitoki. Anaekula anatapika ndani ya nusu saa mpaka masaa sita, anatapika vibaya, na mara nyingi siku inayofuata ni mzima kabisa.

Soma tena barua yako mwenyewe. Wali wa jana uliobaki kwenye sufuria, masaa mawili, akatapika sana, asubuhi mzima. Siwezi kuapa bila kipimo, mtoto anaweza kutapika kwa mambo mengi na maziwa nayo yalikuwepo, lakini kama ungenikuta ofisini ningekwambia anza na ule wali. Wewe ulikula thepla hukuumwa. Chakula cha ibada kilikaa sawa, kilichowaangusha ni sufuria iliyosahaulika pembeni, na ingewaangusha vilevile kwenye nyumba ya Mwislamu au ya Mlutheri siku yoyote ya mwaka. Na usijilaumu, umepika tangu alfajiri mpaka saa nne usiku, mtu aliyechoka hivyo ndo huyohuyo anaesahau sufuria, nimeiona hata kwenye majiko ya hoteli kubwa.

Mwaka huu fanyeni hivi. Wali, dengu zenye mchuzi, maziwa yaliyochemshwa na chochote cha nazi visipikwe kwa ajili ya kulala, vikipikwa Randhan Chhath viliwe na viishe siku hiyohiyo. Vyenye unyevu ambavyo Ba anavitaka kesho, kama viazi au dahi vada, yaani bhajia za dengu kwenye mtindi, vipike mwisho jioni, vitandaze kwenye sinia pana vipoe haraka, visikae mezani zaidi ya masaa mawili, viingie friji. Friji haivunji mwiko hata kidogo, mwiko ni moto, friji ni baridi, nimeshawauliza akina Ba kadhaa na hakuna aliyepinga, mmoja alicheka akasema Shitala angeipenda. Mikrowevu ndo wengi wanaihesabu kuwa ni moto, hiyo muulize Ba. Umeme ukikatika usiku msiifungue friji, ikifungwa vizuri inashika ubaridi kama masaa manne, ikizidi hapo vile vya unyevu mvitupe hata kama vinanukia vizuri. Kingine ni mikono, kuna kijidudu kingine kinachokaa puani na kwenye vidonda vya vidole nacho sumu yake haifi kwa moto, kwa hiyo ukiwa na jeraha kidoleni usikande unga, na kila ukitoka kumfuta mtoto kamasi osha mikono kwa sabuni.

Mwanao kwa miaka mitatu anaweza kula thepla laini, mtindi wa kwenye friji, ndizi, mkate na karanga zilizosagwa, siku moja ya chakula baridi haimdhuru. Asile wali wa jana wala maziwa ya jana. Na usije ukaona umepata njia kwa kumwekea uji wa moto kwenye chupa ya chai usiku ule ili asubuhi ale bila moto kuwashwa, chupa zetu nyingi mpaka alfajiri zimeshashuka chini ya nyuzi 60 na uji wa uvuguvugu ni shamba kuliko hata wali. Kama mtoto anaumwa au kuna mzee anahitaji kitu cha moto, mwambie Ba mapema, familia ninazozijua mimi huwa zinamruhusu mgonjwa na mtoto mchanga, na ukiuliza siku mbili kabla atakuwa na nafasi ya kufikiri vizuri kuliko ukimuuliza asubuhi ile.

Hofu ya roho sasa, na hapa ntakuwa makini kwa sababu si fani yangu na hujaniambia dini yako. Ninachoweza ni kukueleza kinachofanyika ili uamue ukijua. Si kila chakula cha siku hiyo kimewekwa mbele ya mungu. Kuna sahani ndogo ya ibada, mara nyingi ina kuler, yaani unga wa uwele na sukari guru na samli bila kupikwa, na kidogo kidogo cha vilivyopikwa jana. Hiyo ikishatolewa inagawanywa inaitwa prasad. Mlima wote uliobaki ni chakula cha familia cha siku ya jiko baridi. Masheikh wengi watakwambia kilichotolewa kwa mungu mwingine usile, na kwa Wakristo habari hiyo imezungumzwa kirefu kwenye Wakorintho wa Kwanza sura ya 8 na ya 10 na makanisa hayaisomi kwa namna moja. Kwa hiyo nenda kwa sheikh wako au mchungaji wako umweleze hasa hivyo, kuna sahani ya ibada na kuna chakula cha nyumba, usimwambie tu "chakula cha Wahindi" manake utapata jibu la swali lingine.

Ukiamua kutokula prasad, mwambie Ba mapema, mkiwa wawili, mkono ukiwa kwenye unga. Kitu kama "Ba, ntapika na wewe kwa moyo wangu wote, ila ile sahani ya puja, ya ibada, dini yangu hainiruhusu, usije ukaona nimekudharau." Watu wenye kufunga na miiko huwa wanaelewa miiko ya wenzao kuliko tunavyodhani, yeye mwenyewe pengine hali mayai wala vitunguu na amekuwa akikataa vyakula vya watu maisha yake yote. Kinachoumiza ni kuipokea sahani halafu aikute kwenye ndoo ya taka. Na kama imani yako haina tatizo na wewe umependa kula, kula dadangu, chakula kile kimepikwa kwa nia njema.

Mtoto akitapika tena, siku hiyo au siku nyingine, mpe maji ya chumvichumvi ya pakiti ya ORS kijiko kimoja kimoja kila dakika moja au mbili, akitapika subiri dakika kumi uendelee taratibu, akiharisha ongeza vidonge vya zinki watakavyokupa kliniki. Usimpe dawa ya kuzuia kuharisha ya wakubwa. Mpeleke hospitali bila kusubiri kuche kama anatapika kila kitu hata maji, kama kuna damu, kama macho yameingia ndani au hajakojoa masaa sita, kama analegea na haamki vizuri, kama ana degedege, au ana macho ya njano. Na kwenye tetekuwanga au surua, akianza kupumua haraka, shingo ikikakamaa, au malengelenge yakivimba na kuwa mekundu yenye joto, hapo pia ni hospitali, mwarobaini utabaki mlangoni mkirudi. Kama wewe mwenyewe una mimba na hujawahi kuugua tetekuwanga kisha ukakaa na mgonjwa wake, nenda ukaonwe siku hiyohiyo hata kama hujisikii kitu.

Muulize Ba wiki hii tarehe ni lini mwaka huu, kwenye kalenda yake ya ukutani itakuwepo, na umwambie mwaka huu wali tupike kidogo uishe mchana. Nadhani akishasikia mtoto aliumwa hatahitaji maelezo mengine.